Kitabu cha majina kilichovuka bahari

Nilibatizwa katika Kanisa la Mennonite, Shirati, mkoani Mara. Wamishonari walioanzisha kazi pale mwaka 1934, Elam Stauffer na John Mosemann, walitoka Pennsylvania, Marekani, si Kansas. Hata hivyo, Jumapili nilipoingia kanisa la Wamennonite la Alexanderwohl, jirani na mji wa Goessel, Kansas, nilijiona nimefika kwa mjomba.

Baada ya ibada mama mmoja mzee alinipa zwieback, mikate midogo miwili iliyopandana kama mtoto na mgongo wa mamake. Zamani waliikausha ili isioze melini, akasema. Ndipo akaanza kusimulia.

Usharika huu ni mkongwe kuliko jengo lake. Ulianzia Przechówka, karibu na mto Vistula, Poland ya leo, na mwaka 1820 ukaanza kuhamia Molotschna, Ukraine ya leo. Inasimuliwa kwamba njiani walikutana na Tsar Alexander I, mfalme wa Urusi iliyotawala huko, akawatakia heri. Ndipo kijiji kikaitwa Alexanderwohl. Wakalima zaidi ya miaka 50. Kisha Urusi ikaondoa msamaha wao wa kutokwenda jeshini, na kwa watu hao kushika bunduki kulikuwa kumkana Kristo. Mwaka 1874 karibu kijiji kizima kikafunga mizigo. Waliopanda meli Cimbria, na mzee wao Jacob Buller, ndio waliojenga hapa. Waliopanda meli ya Teutonia wakaanzisha usharika wa Hoffnungsau. Huku Kansas, nzige walikuwa wametafuna mashamba kiangazi kilekile. Kampuni ya reli ya Santa Fe ikawapa mabanda marefu, familia zikabanana humo.

Wengi huwasifu kwa Turkey Red, aina ya ngano inayosemwa walikuja nayo. Mimi kilichonitoa machozi ni kitabu. Waliacha nyumba, mashamba na makaburi, lakini kitabu cha usharika walikibeba: waliozaliwa, waliobatizwa, waliooana, waliofariki, tangu kule Vistula. Yule mama alinitajia mababu zake mmoja mmoja hadi miaka ya 1700, kama mimi ninavyowataja wadogo zangu.

Rejesta ya kanisa letu la kijijini ililiwa na mchwa kabatini. Ubatizo wa bibi yangu haumo popote.

Usiku nilimpigia katibu wetu.

“Shikamoo, baba. Waliobatizwa pamoja na bibi wamebaki wangapi?”

Alinyamaza, akihesabu.

“Watatu, mwanangu.”

Nimemtumia hela ya kaunta buku. Kesho anaanza na aliyewazidi umri wote, asubuhi, wakati anaota jua nje ya nyumba.