Siku moja na matone ya damu: kazi yangu ya utafiti wa malaria Muheza

Wengi wakisikia "utafiti" wanaona koti jeupe na chumba chenye kiyoyozi. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika utafiti wa malaria wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Asubuhi natoboa vidole vya watoto vijijini, mchana napaka slaidi rangi, jioni nahesabu vimelea. Zile takwimu zinazosomwa kwenye mikutano mikubwa huanzia kwenye mkeka wa mtu, uani kwake, na leo nataka muone zinavyopatikana.

Saa 11 alfajiri. Chai, mkate, kisha ukaguzi wa vifaa: lanseti, glavu, spiriti, slaidi, vipimo vya haraka, karatasi za chujio, kishikwambi chenye chaji kamili. Kitu kimoja kikisahaulika siku imeharibika, maana kijiji cha leo kiko chini ya milima ya Amani na masika haya njia yote ni tope.

Saa 1:30 asubuhi. Tumeripoti kwa mtendaji wa kijiji, tumesaini kitabu cha wageni, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ametupokea. Bila yeye hatubishi hodi kwenye nyumba yoyote. Anajua nani kajifungua, nani kafiwa, na nani asisumbuliwe wiki hii.

Swali letu ni hili: je, vipimo vya haraka vinavyotumika zahanati vinawakamata watoto wote wenye vimelea? Vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini moja, HRP2, inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum. Kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Mtoto anavyo, lakini kipimo kinasema hana, naye anarudishwa nyumbani. Eritrea walikutana na jambo hilo kwa wingi kiasi cha kulazimika kubadilisha aina ya kipimo mwaka 2016. Sisi tunatafuta kujua mapema, kabla mtoto hajafa kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukujitokeza kwenye kipande cha plastiki.

Saa 2 hadi saa 4. Nyumba baada ya nyumba: salamu, maelezo, saini, kidole, tone kwenye kipimo, tone kwenye slaidi, matone kwenye karatasi, biskuti kwa mtoto, tunaaga. Kwenye nyumba moja watoto walitimua mbio wakipiga kelele "Mumiani! Mumiani!" na mama zao wakacheka. Mimi sicheki sana. Hofu ya wageni wanaonyonya damu ina miaka mingi pwani hii, na anayekuja na sindano mkononi hana budi kuiheshimu.

Saa 4 na ushee. Hapa ndipo asubuhi iliposimama.

"Hodi hapa!"

"Karibuni."

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nyinyi ndio wale wa damu?"

"Ndio sisi, babu."

"Kaeni. Leo mtanijibu."

Tukakaa. Mkwewe, mama wa mtoto tuliyemfuata, alikuwa tayari kutia saini tangu tulipofika, lakini hakushika kalamu. Alimtazama babu, na babu alinitazama mimi.

"Mjukuu wangu haumwi. Anakula, anacheza, anaenda shule. Damu ya nini?"

Nikamweleza kwamba penye malaria ya miaka mingi mtu anaweza kubeba vimelea vichache bila homa, na mbu akimuuma anavipeleka kwa jirani. Akaitikia kwa kichwa. Akataka nisome fomu ya ridhaa tangu mwanzo. Nikasoma. Nilipofika katikati akanisimamisha: "Hapo. Rudia." Nikarudia. Nje, dereva alikuwa amegeuza gari na kupiga honi, maana mvua ilikuwa inajikusanya juu ya mlima na kivuko cha mbele si cha kuchezea. Nilikereka, nasema kweli. Nyumba nyingi zilikuwa zinatusubiri, jua lilikuwa limeniingia kichwani, na fomu ile nimeisoma mara zisizohesabika.

Kisha babu akasema neno lililonifunga mdomo. "Walikuja wengine miaka ya nyuma. Wakapima, wakaandika, wakapanda gari lao. Majibu mpaka leo."

Sikuwa na la kuwatetea. Nikamwambia jibu la kipimo cha haraka atalipata hapahapa, baada ya robo saa hivi, na kwamba mrejesho kwa kijiji kizima umeandikwa kwenye fomu, utatolewa kwenye mkutano wa kijiji. "Nionyeshe huo mstari," akasema. Nikauwekea kidole. Akamwita mjukuu mkubwa, wa sekondari, ausome kwa sauti yake mwenyewe.

Nikamkumbusha habari za majirani zetu wa Korogwe. Kuanzia 2009, watoto wa Korogwe na wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa watoto zaidi ya 15,000 wa nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Babu akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mjukuu wa mtu alitoa damu."

"Alitoa, babu. Na wazazi wake walielezwa kwanza, kama hivi."

Baada ya hapo akapigiwa simu baba wa mtoto, aliye Dar es Salaam. Mtandao ukakatika. Akapigiwa tena. Akauliza yaleyale, nami nikamjibu yaleyale, nimesimama kwenye kichuguu nyuma ya choo kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Akakubali, lakini akasema mwenye neno la mwisho ni mzee.

Mzee akatoa neno lake: kipimo cha haraka, sawa, slaidi, sawa, ile karatasi inayokaushwa na kuhifadhiwa kwa vipimo vya baadaye, hapana. Fomu yetu ina kisanduku cha peke yake kwa ajili ya kuhifadhi sampuli, na mtu ana haki ya kukataa hicho na kukubali vingine. Nikaweka alama ya hapana kwenye karatasi na kwenye kishikwambi.

Hasara yake naijua. Bila karatasi ile hatuwezi kuchunguza jeni, na jeni ndiyo kiini cha swali letu. Ningeweza kubembeleza. Mwenzangu mgeni alinikonyeza nibembeleze. Lakini mtu anayemsukuma mzee mbele ya mkwewe hadi akubali kwa aibu hajapata ridhaa, na sampuli yake ni ya wizi hata kama ina saini. Tulipoondoka kwa babu saa sita ilikuwa imepita, na pamoja na uchovu wote ule, ndiye mtu pekee leo aliyeniuliza maswali ambayo kila mtu angepaswa kuniuliza.

Mchana. Wali maharage tumekula ndani ya gari. Nyumba zilizobaki tumezigawana na mhudumu wa afya, mvua imetukuta kwenye ya mwisho, na slaidi nimezikumbatia kifuani ndani ya sanduku lake, maana slaidi isiyokauka vizuri damu yake huondoka yote kwenye maji ya rangi.

Saa 9 alasiri, maabara. Hapa ninakuwa mkemia. Rangi tunayotumia ni ya Giemsa, iliyotengenezwa na Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, mwaka 1904, na mpaka leo hakuna iliyoiondoa kitini. Damu nyepesi, ile iliyotandazwa nyembamba kwenye slaidi, inagandishwa kwa methanoli. Damu nzito, lile tone lililoachwa nene, haiguswi na methanoli, ili chembe nyekundu zipasuke na vimelea vibaki wazi. Maji ya kuchanganyia lazima yawe na pH ya 7.2. Yakiwa na asidi, kiini cha kimelea kinapauka na msomaji anakipita bila kukiona. Kwa hiyo napima maji kila siku, hata siku ambayo mgongo unaniambia niache. Mchanganyiko wa asilimia 3, dakika 45. Wakati slaidi zinakaa kwenye rangi, takwimu za kishikwambi zinapanda kwenye seva, taratibu.

Halafu hadubini. Sijui tena ni saa ngapi nilipoanza. Jicho kwenye lenzi, tone la mafuta, kidole kimoja kwenye kihesabio cha vimelea na kingine kwenye cha chembe nyeupe. Ukifika chembe nyeupe 200 na vimelea ni vichache, unaendelea hadi 500. Slaidi ikiwa tupu huruhusiwi kusema ni tupu mpaka umepitia maeneo 100 ya lenzi, na sisi kwenye utafiti huu tunapitia 200. Shingo inakakamaa. Macho yanawasha. Slaidi haina jina, ina namba tu, na sijui kipimo cha haraka kilisema nini juu ya mtoto huyo. Inatakiwa nisijue. Slaidi ileile itasomwa na mwenzangu bila kuona jibu langu, na tukitofautiana anaitwa wa tatu.

Slaidi moja nilihisi ni tupu. Maeneo mengi, hakuna kitu. Kisha pete moja ndogo ya buluu na kiini chake chekundu, mbali pembeni. Kisha nyingine. Kwenye chembe nyeupe 500 nilipata vimelea 12. Ukichukulia chembe nyeupe 8,000 kwa kila mikrolita ya damu, hiyo ni vimelea 192, kiwango ambacho kipimo cha haraka kinaweza kabisa kukikosa. Nikaandika, nikaendelea na nyingine.

Giza lilikuwa limeingia msimamizi wa takwimu aliponiita. Yeye ndiye anayeona majibu yote kwa pamoja: kwenye namba ile kipimo cha haraka kilisema hana malaria. Mwenzangu alikuwa ameshavaa viatu vya kuondokea; akavaa miwani tena, akakaa, akasoma. Naye akaviona. Karatasi ya chujio ya mtoto huyo ipo, itatuambia kama jeni imepotea au vimelea vilikuwa vichache tu.

Hakuwa mjukuu wa babu. Alikuwa mtoto wa nyumba ya ng'ambo ya mto, ambako tulimaliza kila kitu haraka na mama yake hakuuliza swali hata moja. Daktari wa utafiti akaandika dawa mseto. Nikampigia mhudumu wa afya, akasema atapita pale kabla mama hajatoka kwenda shamba. Nikamtajia uzito wa mtoto, kilo 17: vidonge viwili mara mbili kwa siku, siku tatu, na ale kitu chenye mafuta au anywe maziwa kwanza. Akanirudishia yote neno kwa neno, nami nikamsikiliza mpaka mwisho.