Kilo 30 za samaki wa dhahabu

Shemeji alinitumia picha saa nne usiku, ikafuatiwa na sauti ya dakika tatu. Kwenye picha kuna Mzungu amekumbatia samaki wa rangi ya chungwa lililoiva, tumbo kama debe. Kwenye sauti shemeji anahema kama aliyepanda kilima cha Bugando kwa miguu. "Shem, huyo ni samaki wa dhahabu! Yule yule wa kwenye vioo hotelini. Kilo 30! Kuna jamaa ana vifaranga vyake, elfu tano kimoja. Nikichukua 400, miaka miwili tu, shem, wewe piga hesabu mwenyewe."

Nilipiga. Milioni mbili, na bwawa lake la Kisesa lilikuwa bado halijashika maji vizuri.

Nimekaa miaka 11 nyuma ya mizani pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Karani wa mizani husikia uongo wa samaki kila asubuhi kabla ya chai. Mtu anakuja na simu mkononi, anakuonyesha sangara aliyeuzwa jana, anaapa alikuwa kilo 60, nawe unakumbuka vizuri kwamba ulimwandika 18. Picha haikuchezewa na kompyuta yoyote. Ni ujanja wa mikono tu: mvuvi anamnyoosha samaki mbele kuelekea kamera, yeye mwenyewe anarudi nyuma nusu hatua, na mpiga picha anachuchumaa. Samaki anakuwa mtumbwi, mvuvi anakuwa mtoto.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kumjibu, ni kuangalia vidole. Samaki akinyooshwa mbele, vidole vinavyomshika navyo vinasogea kwenye kamera, vinanenepa kama mihogo ilhali uso wa mshikaji umebaki mdogo. Huyu Mzungu vidole vyake vilikuwa vya kawaida na samaki alikuwa kakaa karibu na kifua chake. Nikahesabu viganja kutoka kichwani hadi mkiani nikaona ni mnyama kweli. Nilitaka sana iwe uongo, ili nilale. Haikuwa.

Asubuhi nikatafuta habari yenyewe. Samaki yupo na mvuvi yupo: Mwingereza anaitwa Andy Hackett, alimvua Novemba 2022 kwenye maziwa ya Bluewater, eneo la Champagne, Ufaransa. Alivutana naye dakika 25. Akapimwa pauni 67 na aunsi 4, yaani kilo 30 na nusu, akarudishwa majini. Wenye ziwa walikuwa wamempa jina la Karoti. Magazeti duniani kote yaliandika samaki wa dhahabu kwa herufi kubwa, halafu ndani, aya ya nne au ya tano, yakasema kwa sauti ya chini kwamba Karoti ni mseto wa aina mbili za karpi, ndugu wa samaki wa dhahabu: karpi wa ngozi, asiye na magamba mengi, na koi, yule wa mabwawa ya mapambo. Na kwamba aliwekwa humo kama miaka 20 iliyopita.

Hapo ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti. Miaka yote mwaloni nilizoea kushuku uzito, na kushuku picha. Jina sikuwahi kulishuku, kwa sababu kwetu hakuna mtu anayeweza kukuletea sangara akamwita sato. Habari hii ilikuwa na picha ya kweli, uzito wa kweli, mvuvi wa kweli, na jina la samaki mwingine.

Tofauti ya karpi na samaki wa dhahabu ni ndogo na iko mdomoni. Karpi wa kawaida ana ndevu, vinyuzi vinne vya nyama, viwili kila upande wa mdomo. Koi naye ni karpi, kwa hiyo anazo. Samaki wa dhahabu hana hata moja. Wale wanaozaliwa kwa kuchanganya samaki wa dhahabu na karpi wanaweza kuwa na vijindevu vidogo tu, au viwili badala ya vinne. Nikamwandikia shemeji, na kwa kujisikia nikaweka pia kwenye kundi la ukoo: "Mtu akikuletea samaki wa dhahabu mkubwa, muulize ndevu. Huu ni ukoo wa kambare, mkubwa na mdogo wote wana ndevu. Asipokuwa nazo ndiye."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinigharimu. Baada ya saa moja shemeji akaleta picha nyingine, kutoka jimbo la Minnesota, Marekani: samaki wa chungwa wa kilo 15 hivi, na mdomo wake unaonekana vizuri kabisa, laini kama wa mtoto. "Hana ndevu, shem. Umesema mwenyewe." Nikaangalia vidole, sawa. Nikaangalia mdomo, sawa. Nikajibu kwa shingo upande kwamba basi huyo atakuwa ni samaki wa dhahabu kweli, na kilo 15 inawezekana. Shemeji akatuma vikatuni sita vya kucheza ngoma.

Aliyeniokoa ni binti yangu, anasoma uvuvi pale Nyegezi. Hakuandika kwenye kundi, alinipigia, kwa heshima. "Baba, umeangalia mgongo?" Sikuwa nimeangalia. "Pezi la mgongoni la samaki wa dhahabu linaanza na mwiba mgumu, nyuma yake una meno kama msumeno. Karpi anao, koi anao. Huyo wa Minnesota hana, pezi lake lote ni laini. Huyo ni bafalo." Nikacheka, nikidhani ananitania kuhusu nyati. Kumbe kweli wanamwita hivyo, bigmouth buffalo, Ictiobus cyprinellus kitaalamu, samaki wa mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini. Kwa kawaida ana rangi ya kijivu au ya matope, lakini wengine wakizeeka sana wanatoka madoa ya chungwa na meusi. Mwaka 2019 watafiti walitoa mawe ya masikio ya samaki hawa, wakayakata, wakahesabu miviringo kama mtu anavyohesabu kwenye gogo, na mmoja akakutwa na miaka 112. Yaani yule niliyemtangaza kuwa ni samaki wa dhahabu aliyelishwa vizuri, huenda alikuwa rika la babu wa babu yangu.

Ilibidi nirudi kwenye kundi kujisahihisha. Shangazi mmoja akauliza kama nimestaafu mizani au akili.

Baada ya aibu hiyo nikasema hapana, sasa nitafanya ninachokijua. Samaki akirefuka mara mbili haongezeki uzito mara mbili, anaongezeka kama mara nane, kwa sababu anapanuka na kunenepa pia. Mtu wa mwaloni analijua hili bila darasa: sangara wa sentimita 50 ana kilo moja na nusu hivi, wa mita moja ana 12 au 13. Samaki wa dhahabu hana umbo la sangara, ni mfupi na mnene, amekaa kisato. Na kwa sato nina hesabu yangu ya miaka: chukua urefu kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa wenyewe tena, gawanya kwa 50, unapata gramu. Sato wa sentimita 25 inatoka gramu 312, na mizani haitakupinga sana.

Nikaitia hesabu hiyo kwenye taarifa moja moja. Samaki wa dhahabu mrefu kuliko wote kwenye rekodi za Guinness alipimwa Hapert, Uholanzi, mwezi Machi 2003: sentimita 47.4. Kwa hesabu yangu hiyo ni kilo mbili na kidogo. Mwaka 2013 watafiti walitoa mmoja Ziwa Tahoe, Marekani, akikaribia sentimita 45, kilo 1.9. Inalingana. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, Minnesota, uliwaomba wakazi waache kumwaga samaki wao wa nyumbani kwenye maziwa, ukaonyesha picha za waliovuliwa wakiwa wakubwa kama mpira. Nao wanaingia humo humo. Hawa ni wakubwa kweli na ni samaki wa dhahabu kweli. Tenki dogo na maji machafu ndivyo vinavyowadumaza, ziwani hakuna wa kuwadumaza. (Watu wa huko wanashangaa samaki mmoja aliyetupwa anavyoweza kuvuruga ziwa. Sisi tunaokula sangara, aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, tungewasimulia.)

Halafu nikamkuta wa Greenville, South Carolina, mwaka 2020. Taarifa ilisema inchi 15, pauni 9. Inchi 15 ni sentimita 38, hesabu inanipa kilo moja na gramu mia. Pauni 9 ni kilo nne. Picha ni ya samaki wa dhahabu halisi, aliyetolewa na maofisa wa samaki wakati wa kukagua ziwa, wala simtuhumu mtu. Lakini ningekuwa kwenye mizani siku ile ningemrudisha apimwe tena, ama kwa mizani nyingine ama kwa futi nyingine, maana namba hizo mbili hazikai kwenye samaki mmoja labda awe amemeza risasi.

Na kilo 30? Kwa umbo hilo la kisato angehitaji urefu wa sentimita 115. Huyo ni mtoto wa darasa la kwanza, amesimama.

Nikamwambia shemeji: twende tukavione hivyo vifaranga.

Jamaa alitupokea vizuri, tukaletewa viti na soda. Picha ya Karoti alikuwa ameichapa kubwa, kaibandika juu ya mlango wa stoo. Vifaranga vilikuwa kwenye simtanki lililokatwa nusu, vya chungwa, vingine vyeupe na mabaka, vizuri kuangalia, siwezi kumnyima hilo. Nikaomba beseni jeupe. Akachota kama kumi. Nikalowesha mikono, nikamkamata mmoja mrefu kama kidole changu cha kati, nikamgeuzia kwenye jua. Macho yangu si ya zamani, lakini kucha ya kidole gumba inasikia: nikaipitisha taratibu kwenye pembe ya mdomo wake, vikainuka vinyuzi viwili, laini kama kipande cha uzi wa kushonea. Upande wa pili, viwili. Nikamkamata wa pili, wa tatu. Wote.

"Hawa ni koi," nikasema.

Jamaa hakutetereka. "Mzee, hizo ndevu zinadondoka wakikua."

Shemeji akanitazama. Alikuwa na bahasha kwenye mfuko wa shati, tangu asubuhi anaigusagusa. Nikamuuliza jamaa kwa upole: yule wa juu ya mlango alikaa ziwani miaka mingapi? Akasema chakula chao ni cha kisasa, huku kwetu kuna joto, miaka miwili inatosha. Nikamuuliza kilo moja atanunua nani, akili yangu ikiwa kwa mama lishe wa Kirumba na samaki wa chungwa ndani ya sufuria. Hapo akakumbuka kuna simu ya kupiga.

Shemeji alichukua vifaranga vya sato wiki iliyofuata, kwa mtu mwingine, shilingi mia mbili kimoja, baada ya kuziba lile bwawa. Lakini siku ile hatukutoka mikono mitupu. Alikuwa amekuja na wanawe wawili, na wakati sisi tunabishana wao walishachagua samaki kwenye beseni na kuwapa majina. Elfu kumi ikatoka kwenye bahasha. Wako kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, wanakula wali. Nilipowapima Pasaka, mkubwa alikuwa shubiri moja kasoro kidole, ndevu zote nne zipo.