Nyuzijoto Mbili

Kwa siku tatu nilikaa nyumbani Nyegezi, jijini Mwanza, nikisoma upya programu niliyoiandika mwenyewe. Gari la jokofu linalobeba minofu ya sangara lilikuwa limemwonyesha dereva nyuzijoto 2 njia nzima, ilhali nyuma barafu ilikwisha kuyeyuka.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta ndogo zinazofungwa ndani ya magari, zile ambazo mafundi huziita kontroli boksi. Katika gari hilo tulifunga mbili: ya nyuma inasoma sensa ya joto, na ya mbele ina kioo cha dereva. Huwasiliana kwa CAN, mtandao wa nyaya mbili zilizosokotwa ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Jumbe mbili zikianza kutumwa kwa pamoja, wenye namba ndogo ya utambulisho hupita na mwingine husubiri, ustaarabu ambao daladala za Buhongwa bado hazijaufikia.

Siku ya nne nililipeleka gari kwa fundi umeme wa Igogo, mzee ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, umepima?" Sikuwa nimepima. Akachomoa betri, akagusisha mita kwenye nyaya zile mbili, ikasoma omu 120, yaani kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme. Kila ncha ya mtandao huo hufungwa rezista, kipande kidogo cha kuuzuia umeme, ya omu 120, na kwa kuwa rezista hizo ziko sambamba, umeme hupata njia mbili na kizuizi hupungua nusu: mita ilipaswa kusoma 60. Ncha moja ilikuwa imekufa. Tuliikuta chini ya bodi, soketi yake imejaa kutu ya kijani kwa maji ya samaki. Pasipo rezista, umeme hurudi kwenye waya kama mwangwi na kuvuruga ujumbe. Boksi la nyuma huhesabu makosa yake, 8 kwa kila ujumbe ulioharibika wakati wa kutumwa, na hesabu ikivuka 255 hujitoa mtandaoni lenyewe ili lisiwasumbue wengine. Hivyo ndivyo kanuni ya CAN inavyotaka, na ndivyo lilivyofanya.

Kutu haikuwa kosa langu, lakini zile nyuzijoto 2 zilikuwa zangu. Programu ya kioo ilipokea namba na kuendelea kuionyesha bila kujiuliza ilifika lini, kwa sababu mezani kwangu, kwenye waya wa nusu mita, hakuna namba iliyowahi kuchelewa.

Sasa kila namba inayofika hupewa muda wake. Zikipita sekunde 2 bila nyingine kufuata, kioo huonyesha vistari na king'ora hulia. Nilirudi Igogo kumwonyesha mzee. Alivitazama vistari, akaniuliza kwa nini havikuwepo tangu mwanzo.