Nusu saa ya umeme kwenye paji la uso

Kaka yangu ni fundi redio pale Ngamiani, Tanga. Nilipomtumia picha ya kifaa nilichotaka kununua, mkanda wa kichwani wa kutibu sonona kwa umeme mdogo, ujumbe wake wa sauti ulirudi hata chai yangu haijapoa: "Dada, hiyo ni betri ya volti 9 na rezista, basi. Pauni mia nne za nini? Nitumie hela ya vifaa, nakutengenezea mwenyewe." Nyuma yake nikamsikia mama akidakia: "Wanataka kumpiga shoti ya kichwa huyo?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Ilikuwa siku nyingi sijacheka.

Nalea wazee hapa Leicester, Uingereza, zamu za usiku. Mwaka ule nilikuwa nimeshameza setralini, dawa ya sonona, miaka miwili. Dawa ilinisaidia, sitaidharau. Ilinitoa kwenye kulia bila sababu. Lakini ilinifikisha mahali ikaniacha hapo hapo. Nilikuwa narudi asubuhi nalala na koti. Vyombo vinakaa kwenye sinki mpaka vinaota ukungu. Simu ya mama inaita, naitazama mpaka inanyamaza, halafu naona aibu, na kwa ile aibu kesho yake sipokei tena. Nyumbani wangesema nimechoka, au nina mambo. Ni sonona, na ina dodoso lake la maswali 9 ambalo alama zake zinaishia 27; zikipanda, hali ni mbaya zaidi. Mimi nilikuwa na 19.

Mama ilibidi nimweleze taratibu. Umeme anaoujua yeye ni ule wa hospitali, ulioanzia Roma mwaka 1938, ambao siku hizi mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi kisha anasababishiwa degedege makusudi. Huu wangu ni miliampia 2, mdogo kuliko ule mara mamia. Unakaa macho, unaweza hata kumenya vitunguu. Unaingilia paji la uso upande wa kushoto, unatokea kulia. "Mama, ni kama kupepea jiko," nikamwambia. "Upepeo hauwashi moto, unasaidia makaa yashike." Akasema sawa, ila nisivae wakati mvua ya radi inanyesha.

Kabla ya kutoa hela nilisoma, na kusoma kwenyewe kukanichanganya. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 174, wengi wao wa hapa Uingereza, waliojiwekea kifaa nyumbani kwa wiki 10. Waliopata umeme wa kweli, karibu 45 kwa kila 100 walipona dalili. Waliovaa kifaa kisichotoa tiba walikuwa kama 22. Vizuri. Mwaka huo huo Brazili wakajaribu kwa watu 210, nyumbani vilevile, wasione tofauti yoyote. Sasa umwamini nani? Niliamua kutomwamini yeyote sana: nijaribu wiki 10, niandike alama zangu, nisiache dawa. Daktari wangu alikubali baada ya kuniuliza kama nina kifafa, kama kuna chuma kichwani, na kama niliwahi kuwa na kipindi cha furaha ya kupitiliza, silali na wala sichoki.

Siku ya kwanza kifaa kilikataa kuwaka. Simu niliyoiunganisha na kifaa inaniambia mguso hafifu, mguso hafifu. Nikabana mkanda mpaka kichwa kikauma. Kumbe ni mafuta ya nazi! Najipaka uso mzima tangu utotoni, na umeme haupiti kwenye mafuta. Niliosha paji kwa sabuni, nikafuta, nikabandika zile sponji mbichi, kikawaka. Mwanzoni unahisi kama siafu wadogo wanatembea, halafu ngozi inazoea.

Ratiba ni nusu saa, mara 5 kwa wiki kwa wiki 3, kisha mara 3 kwa wiki. Ngumu kwangu haikuwa umeme, ilikuwa kukumbuka. Mtu mwenye sonona kumwambia afanye jambo kila siku ni mtihani. Nikaweka kifaa juu ya birika: sipati chai mpaka nikitoe pale, na nikishakitoa basi navaa.

Wiki ya pili nilijiumiza. Sponji moja ilikuwa imekauka pembeni, nami nikajikaza kisabuni badala ya kuzima. Nilipovua nikakuta alama nyekundu ya ukubwa wa punje ya mahindi, kesho yake ikafanya gaga. Muuguzi aliyekuwa akinifuatilia kwa simu alinisimamisha siku 4. Hapo ndipo nikampigia kaka. Nikamwambia kifaa hiki kinapima ukinzani wa ngozi, yaani inavyozuia umeme, muda wote, kinapandisha umeme polepole, sponji ikiachia kabisa kinazima. Na bado nimeungua. Betri yako ingenifanya nini? Akanyamaza kidogo. "Hapo kwenye kupima ukinzani nimekuelewa, dada."

Alama: wiki ya tatu 17. Nikaona hela imeliwa. Wiki ya sita 11. Wiki ya kumi 8. Sikuamka siku moja nikasikia ndege wanaimba. Nilichogundua ni kwamba sinki lilikuwa tupu, na sikumbuki niliamua lini kuosha vyombo. Mama alikuwa amepiga Jumapili nikapokea, tukazungumzia bei ya nazi kwa dakika arobaini.

Ni umeme? Ni dawa iliyokuwa imechelewa? Ni kule kupigiwa simu na muuguzi kila wiki, mtu anayeuliza umelalaje na kusubiri jibu? Mimi nahisi vyote, na kwa mtu mmoja huwezi kuvitenganisha. Setralini naendelea nayo. Kifaa natumia mara moja moja, alama zikianza kupanda.

Kaka bado ananiomba nikifungue nimpigie picha za ndani. Nimemwambia asubiri dhamana iishe.