Kwa Nini Mnasema Msiyoyatenda?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii kuna aya imenikaa kooni. Ni ile ya Surat As-Saff: "Enyi mlioamini! Kwa nini mnasema msiyoyatenda? Ni chukizo kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu kusema msiyoyatenda." Nimeisikia tangu madrasa, na kila nikiisikia naitafutia mtu wa kumvalisha. Safari hii imenijia nikiwa nimesimama nyuma ya meza ya chakula, upawa mkononi.

Mnaonifahamu mnajua napikia semina na warsha hapa Dodoma. Juni kwetu ni mavuno. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30, fedha isiyotumika inarudi Hazina, na ofisi inayorudisha inaogopa mwakani itakatwa. Basi kila senti iliyobaki inatafutiwa semina. Na tarehe 5 ya mwezi huohuo ndiyo Siku ya Mazingira Duniani, kwa hiyo hotuba za kutunza mazingira zinaangukia palepale kwenye msimu wa kumaliza bajeti.

Semina niliyopikia ilikuwa ya kupiga vita plastiki. Bango la ukutani lilikuwa la plastiki, kubwa, limechapwa na tarehe, maana yake jioni halina kazi tena. Kila kiti kiliwekewa chupa ya maji ya nusu lita. Kufika saa ya chai zikagawiwa nyingine, na zile za kwanza zingine hata nusu hazijafika. Vijana wangu walipokuwa wakikusanya, walimimina maji kwenye sinki ili chupa ziwe nyepesi kutupa. Dodoma hii, ambako mitaa mingine maji ya bomba yanakuja kwa mgao! Nje magari yalikuwa yananguruma tangu asubuhi, madereva wamelala ndani na kiyoyozi.

Nilikuwa nimeshauri mapema. Tulete madumu ya lita 20 na glasi. Glasi ninazo, na kuziosha ni kazi yangu. Ofisa mhusika, kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri kisha akasema, "Mama, LPO, ile hati ya manunuzi, imeandika chupa. Nikibadilisha, mkaguzi ataniuliza mimi." Nilikosa la kumjibu, na malipo nilihitaji, ada za shule hazingoji. Lakini tangu siku hiyo kuna sauti inaniambia: wewe unajisumbua nini kutenganisha taka nyumbani kwako? Hilo ndilo pambano langu wiki hii. Dhambi za wakubwa zina tabia ya kumfanya mdogo aone wema wake ni ujinga.

Wenye biashara nao hawako mbali. Mwaka 2018 kampuni ya Coca-Cola iliahidi kwamba kufikia 2030 itakusanya chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba robo ya vinywaji vyake duniani vitauzwa kwenye vyombo vya kurudishwa. Desemba 2024 ikatangaza malengo mapya: kukusanya asilimia 70 hadi 75, kufikia 2035, na ile robo haimo tena. Sisi tuliokuwa tukitumwa dukani na chupa tupu tunajua jambo hili halihitaji maajabu. Bila chupa hupewi soda, basi. Kreti zilikuwa zinarudi kiwandani bila semina hata moja.

Na mama wa mboga je? Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku nchini, na anayekamatwa nayo faini inaanzia shilingi 30,000. Sheria nzuri, naiunga mkono. Ila nikimfikiria yule mama na mfuko wake mmoja, halafu nikiufikiria mlima wa chupa niliouacha ukumbini, nakumbuka maneno ya Mtume (s.a.w.) kwamba waliokuwa kabla yetu waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimsimamishia adhabu.

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana nataka kusema na sisi wenyewe.

Tukisema "serikali inafuja", tunapumua, tunaona tumemaliza. Ndugu yangu, serikali haizikwi. Haiulizwi kaburini. Aliyeandika mahitaji ya chupa ana jina, aliyeidhinisha ana jina, anayeacha gari likiwaka saa nne nzima ana jina, na Ijumaa mnasimama naye bega kwa bega. Pengine ni wewe unayesoma hapa. Mtume (s.a.w.) amesema: kila mmoja wenu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hukuambiwa isipokuwa mhasibu, wala isipokuwa ofisa ugavi. Unamwogopa mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka na anayeandikiwa barua kabla hajafika! Inasimuliwa kwamba Umar bin Abdul-Aziz, akiwa khalifa, alifanya kazi za umma usiku kwa taa yenye mafuta ya Baitul-Mal, yaani hazina ya umma. Mgeni wake alipoacha habari za raia akaanza kumjulia hali yeye na watoto wake, aliizima, akaagiza taa yake mwenyewe. Mafuta ya taa moja, ndugu zangu. Mwenye dola nzima mkononi aliona tone lile lina mwenyewe, na wewe unaona tangi la dizeli halina mwenyewe kwa sababu limeandikwa namba za serikali?

Qur'an imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Haikusema wabadhirifu wa mali zao tu. Na wewe uliyesimama jukwaani ukaahidi miti, ukapigwa picha na mche, ukaondoka bila kuuliza nani ataumwagilia, ile ahadi ni neno kama maneno mengine, imeandikwa. Bado hujachelewa kurudi na ndoo.

Bajeti mpya inaanza 1 Julai. Wewe unayeandaa orodha ya mahitaji ya ofisi, andika "maji ya kunywa", usiandike "chupa za nusu lita". Mkaguzi hatakuwa na swali, na mimi mpishi nitaleta madumu na glasi zangu. Bango lisichapwe tarehe, litatumika mwakani. Dereva azime gari. Mwenye nafasi ya kusema katika kikao cha Jumatatu aseme, na Mwenyezi Mungu amfungulie kifua.

Wabillahi tawfiq.