Siku yangu na mashine ya boti hapa Moshi, na bahari hatuna

Saa moja kasoro asubuhi nafungua banda hapa Pasua. Mlima leo uko wazi kabisa, Kibo anang'aa, nikajua jua litatuchoma. Kazi zangu ni pampu za maji, jenereta, chensoo, vitu kama hivyo, ila na mashine za boti nashika na watu wananicheka eti Moshi boti inaenda wapi, wanasahau bwawa la Nyumba ya Mungu liko hapo chini karibu kilomita 50 tu na kule watu wanaishi kwa perege na kambale.

Saa mbili na robo inasimama Noah, anashuka mzee mmoja na kijana wake, wamebeba mashine imefungwa gunia kama maiti. Nguvu ya farasi 15, tustroki (ile ya kuchanganya oili na petroli), silinda mbili. Shikamoo mzee. Marahaba fundi, huyu mnyama ananitesa. Leo anawaka mvuto wa pili, kesho unavuta kamba mpaka bega linaachia, halafu ukikata tamaa ukamwita mwenzako avute, inawaka! Juzi imezima katikati ya bwawa upepo umeanza, wakapiga kasia saa nzima, na mle mamba wapo. Kuna fundi ameshamuuzia plagi mara mbili na koili (ile inayopeleka umeme kwenye plagi) juu yake, na koili sio bei ya karanga.

Mimi ugonjwa wa kuja na kuondoka siupendi, bora kitu kife kabisa. Kikifa utakikuta kimelala, hiki ukikishika kinajifanya kizima.

Saa tatu tunaifunga kwenye pipa la maji (usije ukawasha mashine ya boti kavu, pampu yake ya maji ina mpira ndani, unaungua fasta). Kijana anaminya puto la mafuta mpaka linakuwa gumu, anavuta choki, anavuta kamba. Ikawaka mvuto wa kwanza! Na inakojoa maji ya kupozea vizuri kabisa pembeni. Mzee ananiangalia kama mtu aliyeletwa hospitali homa ikapona mlangoni.

Hapo ndio nikafanya ujinga. Nikasema hii ni mafuta tu. Nikaangalia kifuniko cha tanki kama kile kitundu cha hewa kimefunguliwa, maana kikifungwa tanki linajinyonga na mashine inakosa mafuta, kiko sawa. Nikamwaga petroli kidogo kwenye chupa nione kama kuna maji chini, hakuna. Nikauliza wanachanganyaje oili, lita moja kwa hamsini, sawa. Nikafungua kabureta nikaisafisha, na ilikuwa safi tangu mwanzo. Saa tano na nusu hiyo, masaa mawili yamekwenda, nimerudisha kila kitu navuta kamba, kimya. Navuta tena, kimya.

Kwa kweli nilifurahi, ugonjwa umekuja wenyewe.

Nikatoa plagi zote mbili, nikazirudisha kwenye kofia zake, bati la plagi linagusa chuma cha mashine, kijana akavuta huku mimi nimeweka kivuli kwa kofia yangu nione cheche. Giza. Zote mbili. Sasa fikiria, plagi mbili haziwezi kufa dakika moja, na wala sio mara ya kwanza, kwahiyo kuna kitu kimoja kinazikata zote kwa pamoja. Kinachokuja kichwani haraka ni waya wa kuzimia. Kwenye hizi mashine ukibonyeza swichi ya kuzima, ule waya unagusa ethi, yaani chuma cha mashine, na moto wa plagi unakata. Nikachomoa soketi ya ule waya, kijana akavuta, cheche za bluu tak tak tak kwenye plagi zote.

Saa saba tukala ndizi nyama hapo kwa mama jirani, mzee analipa.

Saa nane nafuata waya kwa kidole kutoka swichini. Pale unapopita chini ya mkono wa kuendeshea, ngozi ya waya imelika, shaba iko nje upana wa punje ya mchele. Mkono ukiwa kushoto shaba inagusa chuma, ukiupeleka kulia inaachia. Ndio maana mwenzake akivuta inawaka, maana ukimpisha mtu unausukuma mkono! Nikakata, nikaunga kwa risasi, nikavalisha mpira, nikaupitisha njia nyingine. Dereva wa Noah anapiga honi anataka kuondoka, tukawasha, mkono kushoto, mkono kulia, inanguruma tu. Mwishoni nikachomoa mpira wa mafuta ili kabureta ikauke kwa ajili ya safari, ikazima yenyewe. Elfu ishirini na tano, ameongeza na perege watatu wakavu.

Saa mbili usiku simu inalia, ni yule mzee. Fundi, imewaka mvuto wa kwanza, asante sana, ila sasa haizimi! Nasikia inanguruma nyuma yake. Jamani ile soketi! Nimeiacha nimeichomoa. Nikamwambia vuta choki yote, ikakohoa ikazima. Fungua kifuniko, kuna soketi mbili zinaning'inia, zichomeke mpaka zilie ka, na kesho usiende katikati ya bwawa kabla hujaijaribu swichi. Akacheka, akasema basi wale perege unirudishie mmoja.