Kumbukumbu ya mradi wa bao: Deck imefika, vidole vimeanza kunisumbua

Ijumaa usiku

Imefika Steam Deck yangu, kompyuta ya michezo ya kushika mkononi. Shemeji ametua leo kutoka Leicester, Uingereza, na ameibeba kwenye begi la mkononi, kaizungushia sweta mbili ambazo Dar es Salaam hatazivaa hata siku moja. Bei siitaji hapa kwa ajili ya amani ya nyumba.

Kwa anayeanza kusoma leo: tangu Januari natengeneza bao la kiswahili la kuchezea kwenye skrini. Nasema bao lenyewe, la mashimo 32 na kete 64, lenye namua (hatua ya kuingiza kete za mkononi) na mtaji (hatua inayofuata, ya kutembeza za ubaoni), lenye nyumba (shimo kuu la mchezaji), kichwa (shimo la mwisho pembeni) na kimbi (la pili yake). Naandika kwa Godot, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, usiku, watoto wakishalala. Mpaka sasa nilikuwa nalijaribu kwa mausi ya laptop na linakwenda vizuri tu, ila sijawahi kumwona mtu anayecheza bao kwa mausi. Bao ni mchezo wa mkono.

Ndiyo maana nikatafuta hiki kidude. Ni Steam Deck ya Valve, toleo la kwanza lililotoka Februari 2022, lenye kioo cha LCD cha inchi 7 na GB 64. Ni mkono wa pili, maana huku kwetu hawaiuzi rasmi. Kilichonivuta ni jinsi ilivyojaa sehemu za kugusa: kioo chenyewe ni cha kupangusa kama simu, na chini ya kila kijiti cha kuelekezea kuna trakipadi (pedi ya kugusa kama ya laptop) ya mraba, milimita 32.5 kwa 32.5. Hata vichwa vya vijiti vinajua kama kidole gumba kimekaa juu yake. Halafu ndani kuna Linux kamili, mfumo wa kompyuta hasa, kwa hiyo Godot naiweka humohumo na kurekebisha msimbo palepale nilipoketi.

Chaja imekuja na plagi ya Uingereza ya pini tatu. Imeingia ukutani bila adapta. Kitu cha kwanza ilichotaka baada ya kuwaka ni kujisasisha, na bando langu la wiki likaishia hapo.

Jumamosi

Nimeishika karibu siku nzima. Ni kubwa. Picha za mtandaoni zinadanganya, kwa sababu anayeishika huwa ni mzungu mwenye viganja kama sinia. Ina gramu 669, na ukilala chali ukaiinua juu ya uso, baada ya robo saa mikono inaanza kuuliza maswali. Ukiwa umeketi, viwiko mezani, uzito unasahaulika kabisa. Sehemu za kushikia zimejaa kiganjani na vidole vya nyuma vinafikia vitufe vinne vya mgongoni bila kutafuta.

Kioo kina pikseli 1280 kwa 800, na hiyo ni habari njema kwangu. Upana wake ni sentimita 15 hivi. Ukigawa kwa mashimo manane unapata karibu sentimita 1.9 kwa kila shimo, nafasi ya kutosha kidole cha mtu mzima. Kwenye simu yangu shimo moja lilikuwa dogo kuliko ncha ya kidole, ukigusa kimbi unaambulia kichwa.

Trakipadi sikuzitegemea sana, nilidhani ni pambo. Ukipitisha kidole inakugongagonga kwa chini, tiki tiki tiki, kama unapitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Hakuna kinachozunguka humo ndani, ni mtetemo mdogo tu unaopimwa sawasawa na mwendo wa kidole. Nimekaa nikiikwaruza bila sababu mpaka mke wangu akauliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoinunulia.

Jumapili

Nimeweka bao ndani, nikalifungua kwenye hali ya kompyuta (Deck ikiwa kama laptop ya kawaida), nikagusa shimo langu la kwanza. Kete mbili zikaingia.

Nikadhani nimegusa mara mbili. Nikaanza upya. Kwenye namua kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, na kihesabio changu kipo pembeni. Nikagusa mara moja, taratibu, kama mtu anayepima joto la pasi. 22 ikawa 20. Nikagusa tena, 18.

Nikalifungua bao lilelile kupitia hali ya michezo, ile inayoendeshwa na Steam, programu ya michezo ya Valve. Kete moja. Msimbo ule ule, mashine ile ile.

Imenichukua mpaka saa saba usiku. Godot ina mpangilio, na umewashwa tangu mwanzo, unaofanya kila mguso uigize pia mbofyo wa mausi, ili mchezo ulioandikwa kwa mausi ufanye kazi kwenye simu bila msimbo kubadilishwa. Mimi, kwa uangalifu wangu wote, nilikuwa nimeandika sehemu inayosikiliza mausi na nyingine inayosikiliza vidole. Kidole kimoja kikawa kinabisha hodi milango miwili. Na kwa kuwa zamu hubadilika baada ya kete kumaliza kutembea, mgeni wa pili alikuta mlango bado wazi. Kwenye hali ya michezo kosa lilijificha kwa sababu Steam yenyewe inageuza kidole kuwa mausi kabla hakijanifikia, kwa hiyo nilikuwa napata mbofyo mmoja tu.

Nimezima uigizaji. Halafu nimeongeza kitu ambacho ningekiweka tangu siku ya kwanza: namba ndogo kwenye kona inayojumlisha kete zote ubaoni na mikononi. Lazima isome 64 muda wote.

Jumanne

Kichwa cha kushoto hakifanyi kazi. Yaani mara kinafanya, mara kinagoma.

Kwenye mtaji nimeweka utaratibu huu: unagusa shimo, unaburuta kidole kuelekea upande unaotaka kutembeza. Kwenye mashimo ya katikati ni raha tupu. Kwenye kichwa cha kushoto, nikiburuta kwenda kulia, kete hazitoki.

Nilishapata wa kumlaumu. Jumatatu nilibandikiwa kioo cha kulinda, kimekatwa kwa mkono kutoka kipande cha tableti, na pembeni kilikuwa kimeinuka kidogo chenye kamstari ka hewa. Nikakibandua. Kikapasuka vipande vitatu wakati wa kutoka. Nikajaribu tena, kichwa kimegoma vilevile.

Kumbe ni jambo la mfumo wenyewe: kwenye hali ya michezo, ukianza kuburuta kutoka ukingo wa kushoto unaiita menyu ya Steam, na ukingo wa kulia unaita menyu ya haraka. Mimi nilikuwa nimeupanua ubao mpaka ukingoni kwa tamaa ya mashimo makubwa. Kila nilipotembeza kete za kichwani, mfumo ulidhani naita menyu, na nikiwa mwepesi kuinua kidole menyu yenyewe haikuwahi hata kuonekana.

Nimeacha pikseli 60 kila upande. Sasa shimo lina pikseli 145, sentimita 1.7, bado panatosha. Kioo cha kulinda kilikufa bure.

Alhamisi

Nimepima betri. Ni ya wati-saa 40, na kipimo cha Deck kinaonyesha bao langu linakula wati 7 hivi nikiishusha kasi hadi picha 30 kwa sekunde. Hiyo ni saa tano na kitu. Umeme ulikatika saa mbili usiku, mimi nikaendelea, jirani akaja kuomba mshumaa akanikuta natembeza kete gizani.

Jumamosi, kijiweni

Hii ndiyo siku niliyokuwa naiogopa. Nimeipeleka Deck kwenye kijiwe cha bao, Magomeni, kwa wazee wanaocheza kila siku kuanzia alasiri. Kuna mmoja ambaye wenzake wakimwona anavuta kigoda wanaanza kuhesabu hela zao. Yeye ndiye niliyemtaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo hiyo uliyokuwa unatusimulia?"

Nikailaza juu ya benchi katikati yetu, kioo juu, kama ubao. Akainama, akanyoosha mkono, akagonga kioo kwa ukucha. Kimya. Akagonga tena.

"Imelala?"

Hapo nikakumbuka Nintendo DS ya binamu yangu, ile ya 2004 yenye vioo viwili na kijikalamu. Kioo chake cha chini kilikuwa cha kubonyezwa, tabaka mbili zinakutana chini ya uzito, kwa hiyo ukucha, kijiti cha meno, chochote kiligusa. Kioo cha Deck, kama cha simu za siku hizi, kina umeme wake mdogo na kinasikia ngozi inapoubadilisha. Ukucha hauna kitu cha kukiambia. Nikamwomba atumie nyama ya kidole.

"Sawa," akasema, na akafanya kitu ambacho kwa miezi yote hii sikuwahi kukifikiria. Alishusha vidole vyote vitatu pamoja, gumba, cha shahada na cha kati, vikiwa vimekunjwa, kuchota. Ndivyo anavyochota komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, kwenye shimo kila siku ya maisha yake. Bao langu likapokea miguso mitatu kwenye mashimo mawili, likachagua lile lisilo lake, likamwambia hairuhusiwi.

"Mwanangu, hii inanikatalia nyumba yangu mwenyewe."

Wazee wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilikuwa naandika kwenye daftari kwa kasi.

Akalizoea baada ya michezo miwili, akitumia kidole kimoja kwa adabu kama anabonyeza kengele ya mlango. Malalamiko yake mengine nayaweka hapa kama alivyoyatoa. Kwanza, zile namba nilizoweka juu ya kila shimo: "Namba za nini? Nimekuja kucheza au kusoma?" Hazimsaidii, anaziona kete kwa lundo lake. Na aliyekaa mbele yake alikuwa anazisoma kichwa chini, 6 anaiona 9. Komwe hazina juu wala chini, kila mtu anaziona sawa. Namba zinatoka.

Pili, mwendo. Niliweka sekunde 0.4 kwa kila kete inayoanguka, nikidhani ni vizuri mtu afuatilie. Yeye alikula, akatembeza, akala tena, ikafika kete arobaini hivi kwa zamu moja, na kijiwe kizima kikakaa sekunde 16 kinaitazama mashine inahesabu. "Inahesabu kama mtoto wa chekechea." Pale ubaoni mkono wake unamaliza kazi hiyo kabla hujameza funda la kahawa.

Tatu, joto. Hili halikuwa lake, nililigundua mwenyewe. Deck inavuta hewa kwa mgongoni. Pale kwenye benchi, juu ya kipande cha mkeka, feni ilianza kulia. Nikaweka kifuniko cha mkoba wake chini ya pembe mbili za mkononi ili upepo upite, ikatulia.

Alichokipenda ni kimoja. Nilikuwa nimeifanya mashine itetemeke kidogo kila kete inapoanguka, na mtetemo wa Deck unatokea kwenye zile trakipadi. Macho yake si mazuri sana jioni. Aliweka viganja pembeni mwa mashine, akafumba macho, akasubiri zamu ya mpinzani iishe, halafu akasema kete ilipolala. Alikuwa sahihi. Alirudia mara tatu.

Jumatano

Kazi ya wiki. Kuchota: vidole vikishuka ndani ya sekunde 0.1, na umbali wa upana wa shimo moja, nahesabu ni mkono mmoja na nachukua shimo lililo katikati yao. Imekubali kwa mikono yangu, sijui kwa yake. Mwendo umeshuka hadi sekunde 0.12, kete arobaini sasa ni sekunde tano kasoro. Namba zimetoka, nimechora malundo, na nimerekodi sauti ya komwe zikianguka kwenye ubao wa mninga wa baba mkwe.

Kuna jambo limebadilika kichwani mwangu kuhusu kugusa. Watu wawili wakiwepo, kioo kinatosha, Deck inalala inakuwa ubao. Ukiwa peke yako umeishika mikononi, kioo ni usumbufu: lazima uachie upande mmoja, gramu 669 zinabaki kwa mkono mmoja, na kiganja kinaziba nusu ya ubao wakati ndipo unataka kuuona wote. Kwa hiyo nimeifanya trakipadi ya kulia kuwa ramani ya ubao, kona yake ni kona ya ubao, unahisi tiki kila unapovuka kutoka shimo hadi shimo, ukibonyeza unachota. Baada ya michezo minne niliacha kuangalia kidole kabisa.

Bado sijaamua jinsi ya kuuliza mtu anapofika nyumba kama analala (anaishia hapo) au anasafiri (anachota na kuendelea). Sasa hivi kinatokea kisanduku chenye vitufe viwili, na ni kibaya, kinakatiza mchezo kama mtu anayepita mbele ya televisheni.

Nyongeza, saa sita usiku: nimecheza michezo kumi mfululizo kwa trakipadi. Tisa imeisha kona ikisoma 64. Wa kumi umeisha na 63. Ninayo rekodi ya miguso yote, nitaifuatilia kesho kete kwa kete mpaka niione ilipoangukia.